Plafon ya Odeti

Siku ya kwanza ya juma, 6/10

Nimeamuka. Nimewasha makala, nimepika chai. Nimesahau sukari tena. Odeti, bibi yangu, njo alikuwa anakumbuka sukari.

Kisha nimepanda ngazi, nimepima yulu, chini ya paa. Kanyumba mupya, pembeni ya nyumba yetu, imesimama muzuri. Kuta ya mbao, mulango mupana, hakuna ngazi pa mulango, hakuna kizingiti. Kiti ya magurudumu ya Odeti itaingia kama gari mu garaji. Mu ile nyumba yetu ya matofali haiwezi kupita, mulango mwembamba, ngazi mingi. Njo maana nimejenga hii. Peke yangu. Muzee wa mivi, peke yangu. Bajirani banapita pa barabara banajifanya habaone. Banaona.

Malata, bati ya paa, iko yulu tayari. Imebakia plafon, dari ya ndani.

Saa ya midi nimeingia nikae chini ya ile malata, nipime joto. Nimetoka mbio. Mule ni furu ya kuchoma mukate.


Siku ya tatu, 8/10

Nimeenda Kamalondo kumuona.

Tangu bugonjwa imupige upande wa kuume, eko kwa Beatrise, mutoto wetu, karibu na lopitalo. Ni muzuri. Lakini nyumba si ya Beatrise. Ni ya Mukendi, bwana yake. Mama buko, mama mukwe, analala chini ya paa ya buko yake. Hii ni haya gani.

Mukendi ni muntu wa Kasai, bazazi bake balimufundisha buko haangalie mama buko ku uso. Anapita mulango wa nyuma mu nyumba yake mwenyewe. Mbele ya kuingia anakohoa pale inje, bapate kumufunika mama. Anakula ku lupango, inje ku uwanja, sahani yulu ya magoti, kama mulinzi. Hajalalamika. Odeti naye, akisikia ile kikohozi, anageuza uso ku ukuta. Na nusu ya mwili tu. Anageuka pole pole mpaka anatoka jasho. Kila siku vile. Nimeona leo kwa macho yangu na sikupenda.

Alinishika mukono na ile mukono muzima. Akasema, Nirudishe. Hiyo neno moya ilimukamata muda.

Beatrise alikunja mikono kama mama yangu marehemu. Papa, bila plafon mama haende. Munganga alisema joto ni mubaya kwake. Na mvula ikianza kupiga malata, nani atamusikia? Sauti yake umeisikia.

Nimeisikia.

Basi plafon. Kwanza plafon, kisha bibi yangu.


Siku ya posho, ya sita, 11/10

Mukendi amekuya na moto, ile pikipiki yake, amebeba chini ya kwapa kipande ya lambri, ubao ya plastiki ya kufunika dari. Njo bintu anauzisha, eko na depo ku Kenya, mutaa ya soko ya hapa mu muji. Nyeupe, inang'aa, ndani ni matundu matupu. Anasema, Papa, hii ni nyepesi, miti yako haitaisikia. Yulu yake tutatia frigolite, ile nyeupe banafungia nayo televizyo. Joto haipite, kelele haipite. Nakupatia bure.

Nimeigonga na kidole. Inalia kama ndoo.

Nimemuambia, Buko, umeniletea ndoo.

Akasema, Ndoo haiangukie muntu, Papa.

Ile heshima yake iko na meno ndani.

Nimekataa. Nimemuambia plastiki ni ya mu dushe, mahali pa kuoga. Haiko hiyo sababu. Sababu naandika hapa: nikitia plafon ya Mukendi, tena ya bure, yulu ya kitanda ya Odeti, itakuwa angali analala chini ya paa ya buko yake. Tutakuwa tumemutoa Kamalondo, tumemupeleka Kamalondo ingine.

Plafon itakuwa yangu.


Siku ya pili, 14/10

Nimetembea Kenya nzima, kutazama. Triplex: inakunywa maji, inavimba kama muntu mwenye meno mubaya. Unalit: ni kartoni yenye inajisifu. Masaki, magunia ya kushona na kupaka chokaa: plafon ya mama yangu ilikuwa vile, panya balikuwa banacheza mupira yulu yetu. Frigolite niliifinya, ikavunjika mu mukono kama mukate mukavu. Bantu banalala chini ya bintu kama hii na banafunga macho.

Kisha nimefika kwa Papa Kambale, mufanya biashara wa kutoka Butembo, mwenye mbao. Pale nyuma nimeona mulombwa. Mbao nyekundu, nene, nzito. Nimeinua moja, mugongo wangu ukalia. Nimesema, hii.

Kambale ameuliza inaenda wapi. Plafon, nimesema. Ametazama bafanyakazi bake, kisha mi. Papa, unajenga plafon ao unajenga daraja?

Balicheka bote. Nimebaacha bacheke. Habayue banasema na nani. Mi nilikuwa kapita, mukubwa wa bafanyakazi ba kusimamisha miti chini mu mugodi. Nilikuwa nashikilia mulima. Mulima mzima, na bantu chini yake banachimba, banaimba. Hakuna hata moya wa kwangu alibakia kule. Ubaulize. Bamesha kufa bote, lakini bamekufia ku bitanda byao.

Muti nauyua. Plastiki siiyue.


Siku ya tano, 17/10

Kupigilia. Shingo inauma. Misumari mirefu.


Siku ya Mungu, 19/10

Sikuenda ku kanisa. Mungu anaona napigilia nini na kwa nani.

Nusu imemalizika. Inapendeza. Rangi ya mulombwa ikipata mwangaza ya asubuhi ni kama ngozi ya muntu mwenye afya. Hata mi nikilala mu hiyo kitanda ningepona.


Siku ya ine, 23/10

Plafon yote iko yulu. Sasa kuzuia joto. Ku ma atelie ya Kenya unga ya mbao banatupa bure. Nimejaza masaki, nimelipia kigari ya pusupusu, nimepandisha. Kati ya plafon na malata nimejaza. Nimeshindilia na muti. Nimejaza mpaka ikagusa malata, hakuna hata nafasi ya kidole.

Mukendi amefika wakati niko natapika vumbi. Amepanda ngazi akachungulia. Papa, achia hewa nafasi kidogo pale yulu. Malata inatoka jasho asubuhi. Na hii unga ikilowana itakuwa nzito.

Nimemufundisha. Mu mugodi, nafasi yulu ya kichwa njo kaburi. Tukisha simamisha miti, tulikuwa tunajaza kila shimo kati ya miti na jiwe, na vipande, na mawe, na chochote. Jiwe lenye halina nafasi ya kuanza kutembea, haliwezi kuanguka. Lenye liko na nafasi linapata mbio. Kila kapita anayua ile. Njo sheria ya kwanza. Mbele ya kuonyeshwa kushika shoka, unaonyeshwa kujaza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mukono ku moja ya ile miti ya kaliptusi yenye inabeba paa. Hii ilikauka, Papa?

Nilijifanya kiziwi. Uzee iko na faida yake.

Saa ya midi tuliingia ndani sisi bawili. Baridi. Baridi ya kanisa. Alikaa chini ku saruji, akavua kofia. Akasema, Ni baridi, Papa. Kweli.

Nilitaka aseme tena.


Siku ya posho, 1/11

Odeti amerudi.

Mukendi alitangulia na pikap ya rafiki yake, akaingiza kitanda, akaipanga chini ya dirisha, akajaribu kama haitikisike. Kisha akatoka, nikafunga pazia ya kitenge pa mulango. Mupaka umewekwa. Tangu leo hataingia tena mule, ni mahali pa kulala pa mama buko yake. Alikaa inje chini ya malata, mugongo ku mulango. Mama, karibu kwako, alisema akiangalia barabara. Ndani Odeti aliinamisha kichwa, mwenyewe hakumuona.

Nilimulaza. Akatazama yulu. Nikangojea. Nilikuwa kama kijana amepeleka mahari.

Alitazama sana. Kisha akasema, Sanduku.

Nilikasirika. Mi nimevunja shingo, yee ananiambia sanduku ya maiti. Kisha nikaona ule upande wa mudomo wenye unatembea. Alikuwa anacheka.

Eko nyumbani. Ananicheka. 


Siku ya tatu, 5/11

Mvula ya kwanza ya kweli. Kwa jirani malata ililia hata bantu banaitana kwa mikono. Kwetu, kimya. Nilikaa pa kitanda tukasema. Yee neno moya, mi makumi. Alitaka kuyua kama kuku wa Mama jirani angali anakuya kuharibu bustani. Angali. Alifurahi. Yule kuku alikuwa adui yake.

Kesho nitamuambia Mukendi, ile kimya ni ya unga ya mbao.

Kuna doa kidogo ku kona, rangi ya chai. Ni muti unatoka jasho. Mulombwa iko vile.


Siku ya tano, 7/11

Mvula jana, mvula leo. Doa imekuwa kubwa kama sahani. Nimepanda inje, nimetia lami ku tundu ya musumari moya. Imekwisha.


Siku ya posho, 8/11

Muti umesema.

Niliusikia wakati namukatia Odeti makucha. Ka. Kidogo tu, kama muntu anavunja kidole. Kisha kimya. Mu mugodi muti ukisema ni muzuri. Unakuambia, kapita, niko, nasikia uzito. Muti mubaya ni ule unakufa bila kusema. Nilisimama, nikausikiliza na sikio ku ukuta. Hakuna ingine.

Odeti ameinua mukono, ameonyesha. Inashuka.

Nimemuambia haishuke. Nimemuambia muntu akilala siku nzima macho inamudanganya. Nilisema hivyo. Kwa muntu mwenye kazi yake moya ku siku ni kutazama ile plafon.

Amegeuza uso ku ukuta. Ile namna alikuwa anageuka Kamalondo. Sasa anageukia mi.


Siku ya Mungu, 9/11

Haseme na mi. Munganga alisema aseme kila siku, ni kama kufundisha mutoto. Basi haseme. Kwa ajili yangu.

Nimesimamisha muti katikati, toka chini mpaka plafon, karibu na kitanda, na kabari yulu. Kazi safi. Ningeonyesha kapita yeyote. Lakini kiti ya magurudumu haiwezi kupita tena. Nimejenga mulango mupana, kisha nimepanda muti ndani.

Beatrise amekuya kutoka kanisa. Amesimama mbele ya ule muti, amevaa mavazi ya Mungu. Aliuzunguka mara moya. Kisha: Papa, hii ni chumba ao mugodi?

Nilisema ni kwa muda.

Ni kwa muda wa nini?

Nilipapasa kabari na kidole. Akasema kama siku ya Mungu yenye inakuya hii muti ingali hapa, anamurudisha mama Kamalondo. Nilimuambia atoke. Mutoto wangu. Nilimuambia atoke. Akatoka, akamubusu mama yake kwanza.

Mi ni muntu mugumu. Ninayua. Muntu mulaini hashike mulima.


Siku ya pili, 11/11

Mvula. Doa tatu. Nimesogeza kabari, inakaza yenyewe. Maana yake uzito unashuka. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumuambia muntu: inashuka. Alisema kweli.

Kesho nitafungua upande moya, nitoe unga. Kesho kukiwa jua.


Siku ya tatu, 12/11

Hakukuwa jua.

Nitaandika pole pole.

Mvula ilikatika saa ya chakula. Mukendi alikuwa amekuya kuleta saki ya makala, alikaa inje mahali pake, mugongo ku pazia, ananielezea kupitia pazia habari ya bei ya sementi. Mi nilikuwa namulisha Odeti bukari ya unga ya muhindi. Alikuwa amekubali kula lakini si kusema.

Muti ulisema. Si ka. Ulisema yote. Moya ya ile kaliptusi ilivunjika pale yulu, na ule muti wangu wa katikati ukateleza ku saruji kama mutoto ku matope. Plafon ikashuka upande wa kichwa ya Odeti.

Sikufikiri. Miguu ilifikiri. Nilijikuta chini yake, mabega na mikono na kichwa, kama mu mugodi. Nikaishika. Unga iliyolowana ilianguka yulu ya kitanda kama bukari ya maji. Nzito. Sikuyua kama unga ya mbao inaweza kuwa nzito vile. Mulombwa yangu muzuri na maji yote ya wiki nzima. Nilikuwa nimeweka mulima yulu ya bibi yangu. Njo nilifanya. Pahali hapakuwa mulima, mi nilipanda ngazi nikauweka.

Kama naachia, inamuangukia. Kama siachie, siwezi kumutoa. Nikaita Mukendi.

Pazia ilifunguka. Alisimama pale. Hakuingia.

Ingia.

Papa, mama eko mu kitanda.

Naona eko mu kitanda. Ingia.

Alikuwa amefunga macho. Muntu mukubwa, baba wa batoto, amesimama pa mulango na macho imefungwa, mikono imenyooka mbele kama kipofu, na miguu inakataa. Sikumutukana. Kitu moya sikufanya mu maisha, sikuingia mahali mama wa Odeti alikuwa analala. Hata siku ya kifo yake nilibakia inje. Kama ningekuwa yee, miguu yangu ingekataa pia. Haiko kiburi. Ni vile tuliumbwa.

Mabega ilianza kuwaka.  Muzee ni muzee.

Kisha Odeti. Na ile mukono moya alishika kitenge yenye ilimufunika, akaivuta. Akaivuta yulu, pole pole, na unga ya mbao yulu yake, mpaka ikafunika uso yote. Akasema kutoka chini ya kitenge, wazi, kama zamani:

Ingia, mutoto yangu.

Maneno tatu. Tangu bugonjwa hakusema tatu pamoja.

Akaingia. Macho ku plafon tu, hayakushuka hata kidogo. Alileta bega yake karibu na yangu, akasukuma. Uzito ukatoka kwangu ukaenda kwake, niliusikia unaenda. Chukua mama, Papa. Nikamuchukua. Sikuyua kama ningali naweza kumubeba. Nilimubeba na kitenge yake ku uso, nikamutoa, nikamukalisha ku kiti inje.

Mule ndani Mukendi aliita, Papa, niachie?

Achia.

Tulisikia sauti yake. Kitanda ilivunjika katikati.

Hakuna muntu aliumia. Mukendi eko na damu ku sikio, kidogo.


Siku ya ine, 13/11

Odeti eko mu nyumba ya matofali, ku godoro chini. Namubeba kwenda na kurudi.

Haya. Ile ya buko kuingia mahali mama buko analala.


Siku ya tano, 14/11

Beatrise amekuya kumuchukua. Alikuwa na haki, sikusimama mbele yake. Nilikaa ku ngazi ya matofali nikiangalia miguu yangu.

Odeti akasema, Hapana.

Beatrise akaeleza, akalia. Odeti akasema tena, Hapana.

Mukendi alikuwa pa lupango. Amekuya na kuku mweupe chini ya mukono, miguu imefungwa, na kipande ya kitambaa nyeupe. Ya kutoa haya kati ya buko na mama buko, vile inatakiwa. Alipiga magoti mbali, akaweka kuku chini, akasukuma kitambaa mbele. Odeti alivaa kitambaa yulu ya kichwa, akaiachia uso wazi. Akamuangalia buko yake. Siyue mara ya mwisho balikuwa bameangaliana, pengine hakuna. Naye akamuangalia.

Mama alisha nifungulia mulango, Mukendi alimuambia bibi yake. Nitafanya kazi ndani. Aende akae wapi tena?

Beatrise alipanguza uso. Alisema basi mi nikae chini, nisiguse kitu.

Nilisema nitagusa.

Odeti alicheka. Yee anacheka mu bintu bibaya.


Siku ya posho, 15/11

Tumetoa uchafu. Tumeosha mbao. Mulombwa haina hata alama, ni muti wa kweli, kosa haikuwa yake.

Mukendi ameleta lambri na frigolite. Nilimuambia sitaki bure. Alingojea. Anaanza kuniyua. Nikamuambia, mulombwa yangu kwa plastiki yako, tubadilishane. Alizunguka ile mbao, akapitisha mukono. Papa, nitaitengenezea kontware ya depo, ile meza ndefu ya kuuzishia. Kontware ya mulombwa. Bantu ba Kenya batakuya kuishika tu, kisha bataniuliza nani aliikata.

Utabaambia nani?

Nitabaambia kapita.

Basi plafon ni yangu. Nimeinunua na muti wangu. Plastiki, lakini yangu.


Siku ya pili, 18/11

Miti mipya, mikavu, nimeigonga yote moya moya, inalia muzuri. Tundu ya malata tumeziba, Mukendi yulu, mi chini namuonyesha pale ameruka. Aliruka mbili.

Frigolite tumekata na kisu ya moto. Bipande bidogo bimeshika mu ndevu zangu na habitoke. Odeti, inje ku kiti, ananiita Baba Noeli.

Kati ya frigolite na malata tumeacha nafasi. Mukono mzima unapita. Niliitazama sana. Kila mara nataka kutia kitu mule. Mukendi aliona mukono wangu unatafuta kipande ya mbao. Papa, alisema. Nikaweka kipande chini.

Hapa hakuna jiwe lenye linatafuta njia ya kushuka. Hapa uzito ni ule nimeleta mwenyewe. Nimefanya kazi miaka yote chini ya udongo, na hii kitu sikuiyua, kwa sababu kule haikuwa ya kuyua.

Lambri niliinua moja nzima na kidole kimoya. Sikupenda. Mikono haina kazi.


Siku ya posho, 22/11

Kitanda mupya. Odeti amelala mule tangu jana. Kiti inapita.

Mukendi ametengeneza kontware. Nimeenda Kenya kuiona. Nimesimama karibu nayo saa ndefu, mpaka muntu moya akauliza nani aliikata. Nikamujibu.


Siku ya Mungu, 23/11

Mvula tangu asubuhi. Kwa jirani malata inalia. Kwetu ni kama muntu anapepeta muchele mu chumba ingine.

Nimekaa pa kitanda. Kwa desturi nasikiliza yulu. Hakuna kitu. Nyeupe, kimya, haiseme. Nasikiliza tena, haiseme.

Nimepika chai, nimemupatia kikombe ku mukono wa kushoto. Amekunywa kidogo. Amekunja uso.

Baba Beatrise, amesema. Sukari.

Nimemusikia. Nimeenda kuleta.